Kuwasha mtambo wa kuondoa nitrojeni na fosforasi katika joto la Mombasa

Silinda ya kioo ya lita moja iko juu ya meza ya maabara, karibu na dirisha. Ndani yake mna tope hai, yaani tope lenye bakteria wanaosafisha maji taka, nililolichota sasa hivi kwenye tangi la hewa. Dakika 30 zimepita, tope limetua hadi alama ya 280, na maji ya juu yake ni maangavu. Mwenye haraka angeandika daftarini kwamba mambo ni shwari na kwenda zake. Mimi nakaa. Dakika 20 baadaye tope linapasuka ufa katikati, vipovu vidogo kama vichwa vya pini vinachomoza ubavuni, na donge zima linainuka polepole mpaka juu, kama mahamri yanavyofura na kuelea ndani ya mafuta moto.

Vipovu hivyo ni gesi ya nitrojeni. Kilichotokea kwenye silinda ndicho kitakachotokea usiku huo kwenye klarifaya, tangi la kutuliza tope, na asubuhi tope ulilolilea wiki tatu litakuwa limevuka ukingo na kuingia horini.

Nilianza kazi hii nikiwa msichana wa kuosha vichupa vya maabara, na leo vijana wa zamu wananiita Mama. Haya ninayoyaandika ni kwa ajili yao, na kwa yeyote atakayepewa kazi ya kuwasha mtambo wa maji taka wa mji huku Pwani. Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa katika nchi ambako wakati wa baridi maji taka huwa na nyuzi 10 au 12. Humo utaambiwa usubiri kwa subira, kwamba wadudu, yaani bakteria, wanaobadilisha amonia kuwa nitrati ni wazito kuja. Hapa maji yanaingia yakiwa na nyuzi 27 hadi 30. Ukiwa na mbegu nzuri, wadudu hao watafanya kazi ndani ya wiki mbili au tatu, na hata usipowaita watakuja. Kwa hiyo Mombasa kazi kubwa ni kuwa tayari kabla hawajafika: pampu za mrejesho ziwe zinazunguka, alkali, kinga ya maji dhidi ya asidi, ipimwe kila siku, na hewa itoshe. Atakayewasubiri kwanza ndipo ajipange, watamkuta hana pa kuwapeleka.

Matangi matatu

Zamuni hatutumii majina marefu. Tangi la kwanza tunaliita tangi kimya: hakuna hewa, hakuna nitrati, kuna kikoroga tu kinachozuia tope lisilale. La pili ni tangi la nitrati: halina hewa, lakini linapokea nitrati inayorudishwa kwa pampu kutoka tangi la hewa, na huko kurudisha ndiko tunakoita mrejesho wa ndani. La tatu ni tangi la hewa. Baada yake ndiyo klarifaya, ambamo tope linatua, sehemu kubwa inarudishwa mwanzoni, na kidogo kinatupwa.

Amonia inageuzwa kwenye tangi la hewa: kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati hiyo ikirudishwa kwenye tangi la pili, wadudu wa kawaida, kwa kukosa hewa, hunyang'anya oksijeni iliyomo ndani yake na kuiachia nitrojeni iende angani. Fosforasi ina njia yake, nitaifikia. Mpangilio huu umekomaa kwa mchango mkubwa wa bara letu. Miaka ya 1970 mhandisi James Barnard wa Afrika Kusini aliufanyia majaribio kwenye mtambo wa Daspoort, Pretoria, na jina Bardenpho linalotumika dunia nzima limeanza na herufi za jina lake.

Kwa hesabu zote nitakazozitoa, chukua mtambo unaopokea mita za ujazo 5,000 kwa siku, wenye tangi la hewa la mita za ujazo 2,500.

Kabla ya tone la kwanza la maji taka

Jaribu kila kitu kwa maji safi. Najua maji ya mfereji Mombasa ni ya mgao, na kumwaga maelfu ya lita kunauma moyo, basi tumia ya kisima. Yakiwa ya magadi au ya chumvi chumvi hayadhuru jaribio, mradi uyatoe kabla ya kuleta mbegu.

Jaza tangi la hewa mpaka maji yazidi difyuza, vile vitoa hewa vya sakafuni, kwa shubiri moja, kisha fungulia hewa na uzunguke tangi zima kwa miguu ukiangalia vipovu. Pale panapochemka kama sufuria kuna difyuza iliyolegea au bomba lililopasuka. Pale palipotulia kuna iliyoziba. Weka alama kwa chaki ukutani, ukishamaliza mzunguko toa maji, rekebisha, rudia. Siku hiyo moja usiionee uchovu, kwa sababu tangi likishajaa tope hutaweza kushuka humo tena bila kuua kila ulichokilea.

Kisha nenda klarifaya. Jaza mpaka maji yaanze kumwagika ukingoni, utazame kama yanamwagika sawasawa pande zote. Ukingo ukiinama sentimita moja upande mmoja, maji yatakimbilia huko na yatavuta tope.

Halafu pampu, na hapa nataka nikae kidogo. Laini moja tuliyoiwasha ilikuwa inageuza amonia vizuri kabisa: ilikuwa inatoka chini ya miligramu 1 kwa lita. Lakini nitrati iligoma kwenye 18. Tulibadilisha hewa, tukabadilisha mzigo, tukapima upya kwa vichupa vipya. Kwenye tangi la pili nitrati ilikuwa karibu sifuri, maana yake wadudu wa pale walikuwa na njaa ya nitrati na hawaletewi ya kutosha. Pampu ya mrejesho wa ndani ilikuwa inanguruma, taa ya kijani inawaka, maji yanatoka. Siku ya kumi na mbili nikamwendea fundi wetu wa umeme, mtu mzima ambaye sote twamwita Ami.

Aliweka kiganja juu ya bomba, akanyamaza. Akaomba pampu izimwe na kuwashwa tena, akainama kutazama feni ya mota inavyoanza kuzunguka, akaulinganisha mzunguko wake na mshale uliochongwa kwenye kasha.

"Mwanangu, hii yazunguka kinyume."

"Lakini Ami, maji si yanatoka?"

"Yatoka, lakini haba. Waliofunga walibadilisha nyaya mbili. Pampu ya namna hii haiachi kutoa maji ikigeuzwa, inayapunguza tu."

Alibadilisha nyaya mbili kati ya tatu, kazi ya robo saa. Siku ya tatu nitrati ilikuwa 9. Tangu siku ile simwamini mtu wala taa: kila mota nairejelea mshale wake kwa macho yangu, na kila pampu naipima kwa kujaza tangi linalojulikana ujazo huku nikishika saa. Mkandarasi akikwambia pampu zimeshajaribiwa, mshukuru kwa heshima kisha uzijaribu.

Mbegu

Mbegu nzuri ni tope la kurudi kutoka mtambo mwingine ambao tayari unaondoa amonia. Usiulize kama mtambo wao ni mzuri, uliza amonia yao inatoka ngapi. Ikiwa inatoka 20 au 30, watakupa wadudu wa kula uchafu wa kawaida tu, na hao ungewapata bure ndani ya maji taka yako mwenyewe.

Kiasi gani? Lenga uzito wa tope wa miligramu 800 kwa lita kwa kuanzia. Kwenye tangi letu la mita za ujazo 2,500 hizo ni kilo 2,000 za tope kavu. Tope la kurudi lenye gramu 8 kwa lita litahitajika mita za ujazo 250, yaani safari 25 za lori la mita 10. Watu wa fedha wakiona hesabu hiyo hushtuka na kupendekeza safari tano. Tano ni bora kuliko sufuri, lakini muda utarefuka, na wewe ndiye utakayekesha. Usikubali kuletewa tope lililokauka vitandani, hilo limekufa.

Lori lipakiwe alfajiri na kifuniko kiachwe wazi. Tope hai bila hewa katika joto letu linaanza kuoza baada ya saa chache. Likifika limegeuka jeusi na linanuka yai viza, lirudishe, japo dereva atanung'unika. Likiwa kahawia na linanuka udongo wa mvua, limimine moja kwa moja kwenye tangi la hewa huku hewa ikiwaka.

Wiki ya kwanza

Anza na theluthi ya maji, kama mita 1,700 kwa siku, mengine yaendelee kwenda kwenye laini ya zamani au mabwawa. Kila siku tatu nne ongeza kidogo, kwa sharti kwamba tope linatua na amonia haipandi. Malori ya kunyonya vyoo yapeleke kwingine kwa muda huu wote. Mji wetu una nyumba nyingi zisizounganishwa na bomba la maji taka, kwa hiyo malori hayo ni mengi na wenye nayo watakubembeleza, lakini lori moja la maji ya shimo la choo linaweza kubeba amonia mara kumi ya maji taka ya kawaida. Watoto wachanga hawalishwi pilau.

Povu jeupe kama la sabuni litapanda mpaka kwenye njia za kutembelea. Ni dalili ya tope changa, si ugonjwa. Linyunyizie maji, na liwekee kamba vijana wasiteleze. Kuna mazoea ya kumwaga dizeli kidogo kuua povu, na nasema wazi kwamba ni kosa: dizeli huua wadudu na huenda baharini. Wala usizime hewa kwa sababu ya povu.

Siku ya tano au sita weka tone la tope chini ya hadubini. Mwanzoni utaona viumbe vinavyoogelea ovyo kwa kasi. Wakianza kutokea wale wenye shina, wamekaa kama kengele ndogo zinazofumba na kufumbua, tope linakomaa. Huwa nawaita vijana wote wa zamu waje watazame kwa zamu, hata askari wa langoni, kwa sababu mtu akishaviona vile viumbe kwa jicho lake, hazimi hewa tena kwa uzembe.

Amonia ikianza kushuka

Kuna siku, kwa kawaida katika wiki ya pili, utapima amonia na kukuta imetoka 38 hadi 25. Usishangilie bado. Nenda upime nitriti, nitrati na alkali saa ile ile.

Nitriti itapanda kwanza, kwa sababu kundi la pili la wadudu huja nyuma ya la kwanza. Kama mtambo wako unaua vijidudu kwa klorini mwishoni, siku hizo klorini itapotea na hutajua imekwenda wapi: kila miligramu 1 ya nitrojeni ya nitriti hula miligramu 5 za klorini. Ongeza dozi kwa muda, na uwaeleze wa zamu ya usiku sababu yake. Siku chache baadaye nitriti hushuka na nitrati huchukua nafasi yake.

Alkali ndiyo inayoangusha wengi. Kugeuza gramu 1 ya nitrojeni ya amonia kunakula gramu 7.14 za alkali, ikihesabiwa kama kalisi kabonati. Chukua maji yetu yenye alkali 300 na amonia 40 ya kugeuzwa: 40 mara 7.14 ni 286. Inabaki 14. Hapo maji hayana tena cha kuzuia asidi, pH inaporomoka, wadudu wanasimama, na amonia inarudi juu. Lakini ukirudisha nitrati kwenye tangi la pili, kila gramu 1 inayoondolewa inakulipa alkali gramu 3.57. Ukiondoa 30, unalipwa 107, na badala ya 14 unabakiwa na 121. Mrejesho wa ndani, kwa hivyo, una kazi mbili, ya kuondoa nitrojeni na ya kuokoa mtambo wenyewe, na hii ndiyo sababu naufungulia mapema, nitrati ikifika 3 au 4 tu, sisubiri ifike 20.

Hata oksijeni unarudishiwa. Kilo 200 za amonia kwa siku (mita 5,000 mara gramu 40) zinahitaji kilo 914 za oksijeni. Nitrati ya kilo 150 ikiondolewa kwenye tangi la pili inaokoa kilo 429, kwa sababu wadudu wa kule wametumia oksijeni ya nitrati kula uchafu ambao ungekuja kuliwa kwa umeme wako. Na kwetu oksijeni ni ghali kuliko kwa wenzetu wa baridi: maji ya nyuzi 28 hayawezi kubeba zaidi ya miligramu 7.8 kwa lita, ya nyuzi 20 hubeba 9.1.

Usitegemee mita ya pH peke yake. pH hukaa 7.2 wiki nzima huku alkali ikiisha, kisha siku moja inaanguka. Pima alkali kwa kudondosha asidi mpaka pH 4.5, kila asubuhi, kwenye maji yanayotoka. Ikiwa chini ya 100 kaa macho, ikiwa chini ya 80 tia chokaa iliyozimwa. Kupandisha alkali kwa 50 kwenye mita zetu 5,000 kunahitaji kilo 185 za chokaa safi, kama mifuko minane ya kilo 25. Ikoroge kwenye pipa iwe kama uji mwepesi, uitie polepole kwenye tangi la hewa, na avae miwani anayeikoroga. Nunua ya kiwandani. Kuta za Mji wa Kale zilijengwa kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, na ni kazi ya mikono ninayoiheshimu, lakini leo sisi tunasafisha maji ili matumbawe yaishi.

Sampuli za amonia na nitrati zichujwe pale pale tangini na zitiwe kwenye barafu. Ndani ya chupa ya moto wadudu wanaendelea kula, na utakapofika maabara utapima habari za uongo.

Tope kuelea, na kutupa tope

Nirudi kwenye silinda. Tope likipanda ndani ya saa moja, kuna nitrati nyingi klarifaya na tope linakaa humo mno. Fanya mambo mawili: ongeza mrejesho wa ndani, kutoka mara 1 ya maji yanayoingia hadi mara 2 au 3, na uongeze kasi ya tope la kurudi ili lisilale chini ya klarifaya. Mwisho wa tangi la hewa, pale pampu ya mrejesho inapochota, shusha oksijeni iwe kati ya 1 na 1.5, kwani oksijeni ikibebwa hadi tangi la pili wadudu wataila hiyo kwanza na kuiacha nitrati. Sehemu ya mwanzo ya tangi ibaki na 2. Halafu rudi kwenye silinda: ikivuka saa mbili bila kupanda, lala usingizi.

Usitupe tope lolote mpaka uzito ufike kama miligramu 2,500 kwa lita. Ukishafika, lazima uanze, na uanze kwa hesabu. Mita 2,500 mara kilo 2.5 ni kilo 6,250. Ukitaka tope la umri wa siku 8, yaani likae mtamboni siku 8 kabla ya kutupwa, tupa kilo 780 kwa siku, ambazo kwa tope la kurudi lenye gramu 8 ni kama mita za ujazo 98. Zigawe mchana na usiku, usitupe zote saa moja. Tope likizeeka sana katika joto hili utaona povu zito la kahawia kama mafuta ya mchuzi, na hilo haliondoki kwa maji.

Bamvua na Ramadhani

Ukutani mwa maabara yangu pana jedwali la maji kupwa na kujaa, na limenisaidia kuliko vyombo vingi. Mabomba ya maji taka yaliyolazwa karibu na hori huwa na nyufa. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari ya bamvua inapanda na kuingia humo. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Yakiwa asilimia 5 tu ya maji yako, umeongeza karibu gramu 1.75 za chumvi kwa kila lita, ghafla, kwa saa chache, na wadudu wa amonia wanaweza kuzoea chumvi ikija kidogo kidogo lakini hawapendi kushtukizwa. Basi usipange kuongeza mzigo siku za bamvua. Ngoja maji mafu. Na mwenye kupima COD, kipimo cha uchafu kwa kemikali, ajue kwamba kloridi nyingi huidanganya: vichupa vingi vinavumilia kloridi hadi 2,000 hivi, na asilimia 10 ya maji ya bahari inakukaribisha hapo.

Maji ya bahari huleta pia salfeti, na salfeti ndani ya bomba lisilo na hewa huwa ile gesi ya yai viza. Ikiwa nyingi pua huacha kuinusa, na inaua. Hakuna anayeshuka shimoni peke yake, wala bila mita ya gesi, wala bila mtu juu ameshika kamba. Kwa hili sina mjadala na mtu yeyote, awe mkubwa wangu au mdogo wangu.

Ramadhani nayo hubadilisha saa za mji. Mwezi mwingine kilele cha amonia hunifikia asubuhi watu wakiamka. Ramadhani kinahama: kuna wimbi baada ya futari, na jingine baada ya daku, kabla ya alfajiri. Bloa, zile mashine za kusukuma hewa, zilizopangiwa kupunguza hewa saa tisa usiku zitawanyima wadudu pumzi saa ile ile chakula kinapofika. Badilisha saa za bloa usiku wa kwanza wa mfungo, na uzirudishe Idi ikipita. Wakati wa masika ni kinyume, maji mengi mepesi yanasukuma tope nje, kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua, usiwashe mtambo mpya mwezi wa nne au wa tano.

Fosforasi iwe ya mwisho

Kuna bakteria ambao ndani ya tangi kimya humeza chakula chepesi na, ili kupata nguvu ya kukimeza, huitema fosforasi waliyokuwa nayo. Wakifika kwenye hewa wanaimeza tena, zaidi ya waliyoitema. Ukitupa tope, umeitupa nayo. Hakuna njia nyingine inakopotelea, haiendi angani kama nitrojeni.

Kipimo chake humtisha mgeni. Maji yanayoingia yana 5, na kwenye tangi kimya unakuta 15 au 20. Vizuri sana, hiyo ndiyo dalili kwamba wanafanya kazi. La kukutia wasiwasi ni tangi kimya kuwa na 5 sawa na mlangoni. Hapo pima nitrati katika tope la kurudi: ikiingia tangi kimya, wadudu wengine huila pamoja na kile chakula chepesi, na hawa wetu wanabaki na njaa. Ndiyo maana siigusi fosforasi mpaka nitrati itulie.

Joto letu lina hila moja zaidi. Juu ya nyuzi 25 hivi hujitokeza kundi jingine linaloiba kile chakula cha tangi kimya bila kubeba fosforasi. Si sababu ya kukata tamaa, Singapore ina maji ya moto kama yetu na wameonyesha kwamba inawezekana. Umri wa tope usiwe mrefu: siku 6 hadi 8 kwa joto hili zinawatosha wadudu wa amonia na zinawafaa wa fosforasi. Maji yanayochuruzika kutoka vitanda vya kukaushia tope yarudishe mwanzoni kidogo kidogo usiku kucha, kwani yamebeba fosforasi uliyoitupa jana.

Na uwe na shabu ghalani, ile ile ambayo bibi zetu waliizungusha ndani ya mtungi maji yatulie. Jaribu kwenye bilauri sita za lita moja, dozi tofauti kila moja, koroga, acha, pima, uchague ndogo inayotosha. Kumbuka nayo inakula alkali, kama nusu gramu kwa kila gramu 1 ya shabu, kwa hiyo siku unayoianza ndiyo siku ya kupima alkali asubuhi na jioni.

Mtambo umewaka ukishapita mara tatu ya umri wa tope bila kuyumba: kwa siku 8, hizo ni siku 24, na ndani yake iwemo bamvua mbili kamili. Amonia chini ya 1, nitrati chini ya 10, fosforasi chini ya 1, alkali juu ya 100, silinda inavuka saa mbili. Hapo ndipo ninapopunguza vipimo vya kila siku viwe mara tatu kwa wiki, na malori ya vyoo nayaruhusu tena, moja asubuhi na moja jioni, kupitia tangi la kusubiria.